Mfereji Urushao Maji Shingoni

Mfereji wa bustanini, ukifunguliwa, hurusha maji chini ya kishikio. Mwenye kuteka hurudi darasani shati limelowa, na wakati wa kiangazi maji hayo yangetosha kunywesha mboga.

Wengi hukimbilia kubadili washa. Hiyo ni kazi bure, kwani washa iko chini ndani, nayo huzuia maji mfereji unapofungwa. Ukifunguliwa, maji hupanda mpaka shingoni. Huko huzuiwa na uzi uliozungushwa kwenye fimbo ya shaba na kukazwa kwa nati. Uzi ukilika, maji hupata njia.

Basi twaa spana, ukaze nati ya shingo kidogo tu, isizidi robo ya mzunguko. Mara nyingi yatosha. Wenye nguvu wajihadhari: ikikazwa mno kishikio hakigeuki, na wa kidato cha kwanza watakulaumu.

Yakizidi kuruka, funga kwanza koki kubwa (asahauye hili huoga bila kupenda). Ondoa kishikio na nati, toa uzi mkuukuu, zungusha mpya wenye grisi kwa upande ule ule wa kukazia nati, kisha rudisha vyote. Jaribu kwa kuufungua mfereji kabisa. Ukiwa umefungwa hautakuonyesha kitu.