Ukavu Unaotibika

Mama aliyevuka miaka hamsini akieleza kwamba mkojo unamchoma, ukeni anawashwa na tendo la ndoa linamchubua, ni rahisi kuandikiwa dawa za UTI. Dawa zikiisha, maumivu yapo palepale. Kwa wanawake wa Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji wilayani Kibiti, ambako safari ya hospitali mara nyingi huanzia majini, kurudiarudia huko kunakula nauli na siku za shambani.

Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka. Ngozi laini ya uke na ya njia ya mkojo huwa nyembamba, ute hukauka, na sukari iliyohifadhiwa kwenye ngozi hiyo huadimika. Sukari hiyo ndiyo riziki ya laktobasili, bakteria walinzi wanaotengeneza asidi ya uke. Wakipungua, pH iliyokuwa chini ya 4.5 hupanda, na vijidudu vya haja kubwa hupata upenyo hadi kibofuni. Joto la ghafla la ukomo wa hedhi kwa wengi hupoa na miaka. Ukavu huu, usipotibiwa, huendelea na hata kuzidi.

Kwa hiyo kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu ni kuongeza kidonda. Maji matupu, nje tu, yanatosha.

Tiba isiyo na homoni ipo. Kilainishi hutumika wakati wa tendo. Jeli ya unyevu hupakwa ukeni mara mbili au tatu kwa wiki, tendo liwepo lisiwepo. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwagawa wanawake 302 katika makundi matatu kwa wiki 12: tembe za estrojeni za ukeni, jeli ya unyevu, au tembe na jeli za bandia. Makundi yote yalipata nafuu, karibu sawasawa. Mimi naona hapo habari njema: jeli ya kawaida, ikipakwa bila kuruka, si kitu cha kudharau. Hata hivyo, kwa UTI inayojirudia, estrojeni kidogo ya ukeni bado ina ushahidi mzuri, na mama ana haki ya kuiulizia. Tiba ya leza ni ghali, na utafiti wa Australia wa mwaka 2021 haukuona ikishinda leza ya kuigiza. Mtu asiuze shamba kwa ajili yake.

Duka la dawa likiwa mbali, wapo wanaopaka mafuta ya nazi. Yakiwa safi hulainisha, ingawa utafiti wake ni mdogo. Ila mafuta ya aina yoyote hudhoofisha kondomu za mpira. Anayezitumia achague jeli ya maji.

Yote haya mama asingoje kuyasikia kwa daktari. Somo anayemfunda mwali hedhi inapoanza anaweza pia kukaa na wenzake inapokoma, wakayazungumza bila haya.

Lakini si kila muwasho ni ukavu. Anayelima mpunga majini na kuona damu kwenye mkojo apimwe kichocho, ambacho huumiza hata uke na shingo ya kizazi na hutibiwa kwa prazikwanteli. Na damu ya ukeni ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, jeli iwekwe kando. Aende akachunguzwe saratani, bila kungoja mavuno.