Fahamu: Kwa nini wakazi wa zamani wanaondoka Kariakoo

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Dar es Salaam, ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko na choo cha wapangaji wote. Leo nyumba hizo zinahesabika.

Kilichozimaliza ni thamani ya kiwanja. Mwenye nyumba akifariki, warithi wengi hushindwa kugawana vyumba sita. Huuza, au huingia ubia na mjenzi: wao watoe ardhi, yeye ainue ghorofa, kisha wagawane. Chini fremu za maduka, juu stoo na fleti. Mpangaji wa chumba kimoja hana lake katika mkataba huo. Hufungasha virago kwenda Mbagala au Gongo la Mboto, pembezoni mwa jiji, kisha alfajiri hugombea daladala kurudi kutafuta riziki palepale alipolelewa.

Klabu ya soka ya Simba bado ina jengo lake Mtaa wa Msimbazi, lakini majirani waliobishania mechi barazani wametawanyika. Hilo ni pengo kubwa, na halionekani kwenye ramani yoyote ya ujenzi.

Usalama wa maghorofa nao unatia hofu. Novemba 16, 2024, ghorofa la biashara liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe.