Kwa Nini Madawati 60 Yalichelewa

Likizo iliyopita nilikuwa Morogoro, kwenye karakana ya mjomba. Ikaja oda ya madawati 60 ya shule ya msingi. Mjomba akapiga hesabu ya haraka: dawati moja ni saa mbili za kazi, mafundi wapo watano, kila mmoja saa nane kwa siku. Siku tatu! Tukianza Jumatatu, Alhamisi asubuhi mzigo uko shuleni. Tulipeleka Jumatatu iliyofuata. Alhamisi na Ijumaa watoto walisomea sakafuni, na mimi, ninayesomea ualimu, ndiye niliyekuwa napokea simu za mwalimu mkuu. Aisee, niliona aibu.

Kuzidisha na kugawanya mjomba hakukosea. Alihesabu watu, akasahau njia ambayo dawati linapita. Mashine ya kuchomelea ni moja tu, na fremu moja inachukua dakika 40. Mara 60 ni dakika 2,400, yaani saa 40. Hizo ni siku tano za kazi, hata ukileta mafundi ishirini.

Baada ya hapo nikaweka ERPNext kwenye laptop yangu. Ni programu huria ya kuendesha biashara, na ndani yake kuna sehemu ya uzalishaji. Inakutaka utenganishe vitu viwili. Orodha ya vifaa inasema dawati lina nini: vyuma, mbao, bolti, rangi. Mfuatano wa hatua unasema dawati linatengenezwaje. Kila hatua unaipa jina, kituo cha kazi na muda kwa dakika. Kituo nacho unakiandikia gharama yake kwa saa, ili programu ikujumlishie.

Dawati letu lina njia mbili zinazokutana mwishoni. Fremu: kukata vyuma dakika 10, kuchomelea 40, kusugua kwa grinda 10, kupaka rangi 15. Mbao: kuranda na kukata 20, kupiga msasa 10. Halafu kufunga bolti, dakika 15. Jumla ni zile saa mbili za mjomba. Fremu niliipa orodha yake na mfuatano wake, mbao vilevile, kisha dawati zima likavitumia vyote viwili kama vifaa. Hapo unaona kumbe fundi wa mbao hana sababu ya kumsubiri mchomeleaji. Wote wanaanza asubuhi moja.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, rangi hukauka usiku kucha, nikaandika dakika 720 kama hatua ya kawaida. Programu ikazidisha kwa 60, ikapata saa 720, siku 30 mchana na usiku! Lakini fremu zote zinakauka pamoja. Kuna sehemu ya kuweka alama kwamba muda wa hatua hautegemei idadi. Nikaiweka, mambo yakakaa sawa. Pili, muda wa kuchomelea nilikuwa nimebuni mezani: dakika 25. Fundi akacheka. “Mwalimu, simama hapa na simu yako, upime.” Nikapima fremu kadhaa, wastani ukawa 40. Ukiilisha programu muda wa kubuni, itakupa tarehe ya kubuni, tena kwa maandishi mazuri.

Sisi wa ualimu tunalijua hili kwenye andalio la somo. Unaandika “kazi ya vikundi, dakika 10” ukiwa chumbani, kumbe darasa lina vitabu vinne na wanafunzi 70.

Oda iliyofuata ilikuwa madawati 30. Kuchomelea pekee ni saa 20, siku mbili na nusu. Ongeza rangi, usiku wa kukausha, na kufunga. Mjomba akaahidi siku tano, tukapeleka ya nne jioni. Siku hizi mteja akimuuliza “lini?”, hahesabu mafundi. Anauliza kwanza: “Mashine ya kuchomelea ina kazi ya nani wiki hii?”