Jumamosi ya mapumziko haifuti ovataimu

Kila magazeti yanapoandika kuhusu wiki ya kazi ya siku nne huko Ulaya, naletewa swali lilelile: na sisi lini? Nimelijibu mpaka nimechoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina kifungu cha 21, kinachomruhusu mwajiri na mfanyakazi wa Tanzania Bara kukubaliana kubana wiki, yaani kurefusha siku ili siku za kazi zipungue. Hakuna cha kusubiri. Cha kuuliza ni saa zako zitahesabiwaje ukishakubali.

Mwaka 2022 kampuni 61 za Uingereza, zenye wafanyakazi wapatao 2,900, zilipunguza saa za kazi bila kugusa mshahara. Mwaka huohuo Ubelgiji ilimpa mfanyakazi haki ya kuomba kumaliza saa zake zote za wiki ndani ya siku nne. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kifungu chetu kinafanana na cha Wabelgiji: kazi haipungui, inasogezwa tu.

Kwa kutojua hilo, watu wameshika imani moja inayowagharimu fedha: kwamba ukishapewa Jumamosi, ovataimu imekwisha. Nimeisikia kwa wafungashaji, kwa wahudumu wa hoteli, na hata kwa maofisa rasilimali watu, ambao kazi yao ni kujua. Sheria haisemi hivyo popote.

Tuchukue kiwanda kando ya Barabara ya Nyerere. Notisi imebandikwa ubaoni: kuanzia wiki ijayo kazi ni saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mapumziko. Watu wanafurahi. Sasa piga hesabu. Toa saa moja ya chakula, zinabaki saa 11 kwa siku, saa 55 kwa wiki. Kifungu cha 21 kinamwondolea mwajiri deni la ovataimu kwa siku iliyovuka saa 9, mradi isizidi saa 12 pamoja na muda wa chakula. Hakimpi ruhusa ya kuvuka saa 45 kwa wiki bila kulipa. Saa 10 zilizozidi ni ovataimu, na kila moja inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Mfungashaji anayepata shilingi 90,000 kwa wiki, saa yake ni shilingi 2,000 na ya ovataimu ni 3,000. Wiki ikiisha anadai 30,000 juu ya mshahara wake, na anakwenda nyumbani bila kujua kwamba anadai. Hizo saa 10 ndizo kikomo pia. Ya 11 hairuhusiwi hata akilipwa.

Na ile notisi haitoshi. Sheria inataka makubaliano ya maandishi, na tangazo la upande mmoja si makubaliano. Naambiwa, "Lakini tulinyamaza, si tulikubali?" Hapana. Kunyamaza si kutia saini.

Mlinzi anayesimama saa 12 kwa siku sita, akiambiwa ndivyo kazi ya ulinzi ilivyo, hawezi kuingizwa kwenye kifungu hiki hata kidogo, maana mwisho wake ni siku tano. Inaniuma kuona watu hawa wanavyozoeshwa hali hiyo.

Kuna jambo jingine wasimamizi hulipuuza. Kati ya kutoka kazini na kurudi, mfanyakazi anastahili saa 12 mfululizo za mapumziko, isipokuwa anaishi hapohapo kazini au siku yake inakatwa katikati kwa saa tatu au zaidi, na hayo pia kwa maandishi. Aliyetoka saa 1 jioni kuingia saa 1 asubuhi amefika ukingoni. Ile "tumalizie nusu saa" ya msimamizi inavunja sheria. Ndani ya saa hizo 12 kuna foleni na daladala mbili hadi Chanika, kupika, kufua, kulala na kuamka alfajiri. Uchovu wake unarudi naye kwenye mashine, na ajali huongezeka kadiri siku inavyorefuka.

Njia zinazowezekana ni hizi. Siku nne: saa 11 za kazi kila siku, jumla 44, anayekuahidi saa 45 kamili kwa siku nne amesahau saa ya chakula. Siku tano za saa 9: ndiyo rahisi kuliko zote, na haihitaji kifungu cha 21. Kusogeza muda wa kuingia na kutoka ili kukwepa foleni: kubalianeni, mwandikishane. Kazi yenye misimu, chama chenu kijadili mkataba wa hali bora unaochukua wastani wa saa 40 za kawaida kwa wiki ndani ya kipindi kisichozidi mwaka. Na njia yoyote mtakayochagua, zamu ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Mama anayenyonyesha ana hadi saa mbili kwa siku, wiki ibanwe isibanwe. Zanzibar ina sheria yake, msiichanganye na hii.

Andika mwenyewe, kwenye daftari lako, saa uliyoingia na saa uliyotoka, kila siku. Madai ya malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro kutokea.