Ufundi wa Bunduki Huanzia kwenye Chuma

Kijana wa Olasiti, magharibi mwa jiji la Arusha, atakaye kuwa fundi bunduki asitafute kwanza bunduki. Atafute mashine ya kukerezea. Makampuni ya uwindaji yenye makao Arusha humiliki bunduki zinazohitaji matengenezo, lakini kazi hiyo haivumilii kubahatisha. Risasi ya .375 H&H, itumiwayo kuwindia nyati, ifyatuliwapo, kanieneo ya gesi mtutuni yaweza kukaribia megapaskali 430, yaani zaidi ya mara 4,000 ya kanieneo ya hewa tuivutayo. Ndiyo maana gobore lililoundwa kwa bomba la maji huweza kumpasukia mpigaji usoni. Hata mtutu wa kiwandani, ukipashwa moto ovyo, hupoteza uimara wake.

Basi mlango wa kuingilia ni uhandisi mitambo: kukereza, kupima kwa maikromita, kujua tabia ya chuma kipashwapo moto na kupozwa. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, hufundisha fani hiyo. Achukiaye hisabati atapata taabu huko. Bunduki yenyewe huja baadaye, chini ya fundi mwenye leseni, kama itakavyo sheria ya silaha ya mwaka 2015.