Umejifunza bastola kwenye filamu? Soma hii kwanza

Wewe wa Kaloleni, hapa Voi, nikuulize: nani alikufunza kushika bastola? Usiniambie hujawahi kufunzwa. Filamu na gemu za simu zimekupa masomo tangu ukiwa mdogo: bastola imelazwa ubavu, mkono mmoja, kidole kishafika kwenye triga. Karibu yote hayo ni makosa.

Na si makosa ya kuchekesha tu. Wengi wa rika letu hapa wanatamani sare za KWS. Chuo cha Manyani si mbali, ukitoka Voi kuelekea Mtito Andei. Ukiingia huko na tabia za filamu, mkufunzi ataanza kwa kuzing'oa. Ukizileta mtaani na bastola isiyo na leseni, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakungoja na kifungo kisichopungua miaka 5. Hata wenye leseni, mwishoni mwa 2018 serikali iliwaamuru wapigwe msasa upya, afya ya akili ikiwemo. Kwa hivyo ile selfi na bastola ya jamaa yako askari, achana nayo kabisa.

Sasa mkumbuke yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024, Yusuf Dikeç. Miaka 51, fulana, miwani ya kawaida, mkono mfukoni. Mtandao mzima ukasema jamaa hana wasiwasi. Ukweli ni kwamba ilikuwa Olimpiki yake ya tano, na mkono mfukoni ni ufundi: usipoufunga mahali unayumba, na mwili unayumba nao. Yeye na Şevval İlayda Tarhan waliondoka na fedha. Duara la alama 10 walilokuwa wakililenga, mita 10 mbele, lina upana wa milimita 11.5. Kama kifungo cha shati hivi.

Unafikaje hapo? Kwanza usalama, maana bila huo hakuna somo. Kila bastola ihesabu ina risasi. Wengi huchomoa magazini wakadhani wamemaliza, kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba. Ajali nyingi huanzia hapo. Mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kinyooke ubavuni mwa bastola, nje ya triga, hadi uwe umeshalenga na umeamua. Na ujue kilicho nyuma ya shabaha, kwa sababu risasi haisimami kwa heshima yako.

Halafu macho. Jicho haliwezi kuona vizuri kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha kwa wakati mmoja. Chagua cha mbele, shabaha iachwe na ukungu kidogo. Ukikosea milimita 1 tu kwenye bastola yenye sentimita 15 kati ya vilengeo, mita 10 mbele umekosa kwa zaidi ya sentimita 6. Sasa jaribu kulenga ukiwa umeilaza ubavu kama kwenye sinema!

Lakini penye kazi kubwa ni triga. Anayeanza huusubiri mlio, akashtuka kabla haujatoka, akaivuta triga kwa nguvu. Mtutu unainama na risasi inaenda chini. Dawa yake ni kuminya polepole, moja kwa moja kuja nyuma, hadi mlio ukukute hujautarajia.

Mazoezi ya mwanzo hayahitaji bastola. Bastola ya hewa ya Olimpiki hairuhusiwi kuzidi kilo 1.5, uzito wa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ishike, nyoosha mkono, hesabu hadi 30 ukipumua taratibu, shusha, pumzika, rudia. Triga yake nayo haitakiwi kuwa nyepesi kuliko gramu 500: ning'iniza chupa ya nusu lita kwenye kidole cha shahada uone uzito huo ulivyo. Siku mbili za kwanza bega litauma. Ni kawaida.