Namba 5,120 na Mgawo wa Haki

Ziwa Mweru, ambalo mji wa Nchelenge nchini Zambia umekaa ufukoni mwake, aghalabu hutajwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 5,120. Namba hiyo ni shufwa, wala si tasa. Ikigawanywa kwa 2 mara kumi mfululizo, hubaki 5. Vigawo vyake ni 22.

Je, wavuvi watatu waliouza chisense kwa kwacha 5,120 watagawana sawasawa? Jumla ya tarakimu zake ni 8, isiyogawanyika kwa 3. Basi hata 5,120 haigawanyiki. Kila mmoja atapata 1,706, zitabaki 2. Heri kukubaliana mapema juu ya hizo mbili, maana ugomvi wa masalio huvunja udugu. Wazazi wawafunze watoto kanuni hii.